Mimba ya wiki 18, mtoto hajacheza: niogope?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 23, mimba yangu ya kwanza, na kliniki wameniambia ina wiki 18. Naishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kazi yangu ni kununua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, na kuanika. Mwanzoni nilitapika sana, sasa nala vizuri na najisikia mzima mpaka naingiwa na wasiwasi. Mtoto bado hajacheza, wakati jirani yangu mwenye mimba kama yangu wake anacheza. Nikigeuka kitandani nachomwa chini ya tumbo, pembeni. Mama mkwe amenikataza mayai, na kila siku natamani pemba, ule udongo wa kula. Vile vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria vilinichafua tumbo, nafikiria kuviacha. Pia nataka kwenda Ukerewe kumwona mama kabla tumbo halijawa kubwa. Nitegemee nini miezi hii ya katikati, na kipi kinifanye nikimbilie hospitali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mtoto, maana hilo ndilo linalokukosesha usingizi.

Mimba ya kwanza ikiwa na wiki 18, kutomsikia mtoto ni kawaida. Wengi humsikia kati ya wiki ya 18 na ya 20, na wapo wanaofika hata wiki ya 22. Aliyekwisha kuzaa humsikia mapema, pengine wiki ya 16, kwa sababu anakijua anachokisubiri. Kwa hiyo kabla hujajilinganisha na jirani, muulize hiyo ni mimba yake ya ngapi. Halafu kuna suala la kondo la nyuma. Kondo likijishikiza upande wa mbele wa mfuko wa uzazi, linakaa katikati ya mtoto na ngozi ya tumbo lako, na vijiteke vyake vya mwanzo vinaishia humo humo. Mtoto anacheza, ila habari hazikufikii.

Usitegemee teke pia. Mara ya kwanza ni kitu chepesi mno, kama dagaa aliye hai akikugusa kiganja ndani ya maji, na wengi hudhani ni gesi. Mchana ukiwa kwenye pilika za mwaloni hutasikia kitu. Jilaze ubavu jioni baada ya kula, tulia, usikilize. Kliniki ijayo mkunga atakusikilizishia mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Akiwa na kile kipembe cha kusikilizia, kuanzia wiki ya 20 hivi huanza kuyapata. Akiwa na kifaa cha umeme huyapata mapema zaidi. Ukifika wiki ya 24 hujasikia chochote, nenda kituoni bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Na habari ya kufuatilia mtoto amecheza kiasi gani kwa siku iache kwanza. Ni ya kuanzia wiki ya 28, anapokuwa na mazoea yake unayoyajua. Sasa hivi anaweza kucheza leo na kesho ukamkosa, bila ubaya wowote.

Kichefuchefu nacho kuondoka si dalili kwamba mimba imeharibika. Homoni inayokichochea hufika kileleni karibu na wiki ya 9 au ya 10, kisha hushuka, na wanawake wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kuanzia wiki ya 14 hadi ya 27 ndiyo tunayoiita miezi ya katikati. Hamu ya chakula inarudi, usingizi unarudi, tumbo bado halijawa mzigo. Ukifika wiki ya 20 mfuko wa uzazi utakuwa umefika kwenye kitovu, na mtoto atakuwa na gramu 300 hivi. Mwisho wa kipindi hiki atakaribia kilo moja, anasikia sauti yako na anafumbua macho.

Lakini nikuambie ninachokiona mimi kila mwaka. Miezi hii mizuri ndiyo miezi ambayo wanawake wa huku ziwani huiacha kliniki. Hakuna kinachouma, biashara inaita, kadi inabaki kwenye sanduku mpaka tumbo lifike kifuani. Na vitu vinavyomaliza damu ya mjamzito kwenye fukwe hizi, yaani malaria, kichocho na mlo duni, haviumi. Vinachukua kidogo kidogo ukiwa unacheka, na hesabu yake unaletewa siku ya kujifungua, unapopoteza damu kidogo tu na huna akiba. Ndiyo maana jibu langu refu linahusu damu zaidi kuliko kitu kingine.

Tuanze na SP. Usiiache. Vidonge vile vitatu humezwa kwa pamoja mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kisha kila mwezi hadi karibu na kujifungua, mradi zipite angalau wiki nne kati ya dozi na dozi. Lengo ni kupata dozi tatu au zaidi. Ukiacha sasa umebaki na moja tu. Wengi hudhani ni dawa ya kutibu malaria na kwa vile hawana homa hawaoni sababu. Sababu ipo kwenye kondo la nyuma: vimelea vya malaria hupenda kujificha humo. Unaweza kuwa huna homa, ukachomwa kidole na kipimo kikasema huna, huku kondo limejaa vimelea wanaomnyang'anya mtoto chakula na wewe damu. Mtoto huyo huzaliwa na uzito mdogo, na watu husema tu "kazaliwa kadogo".

Kuchafuka tumbo hutokea na hupita baada ya siku moja au mbili. Safari ijayo kula kwanza. Dawa haikatai chakula. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, mwambie muuguzi hapo hapo. Wasiotakiwa kumeza SP ni wenye mzio wa dawa za salfa, na wanaotumia septrini kila siku, kwa mfano kina mama wanaoishi na VVU waliopangiwa dawa hiyo. Na kama umenunua foliki ya miligramu 5 dukani, iache. Dozi hiyo kubwa huifanya SP isifanye kazi vizuri. Iliyomo kwenye vidonge vya kliniki ni ndogo na haina tatizo.

Chandarua najua ulipewa. Tatizo lako wewe ni saa zako za kazi. Mitumbwi ya dagaa huvua usiku kwa taa na kurudi alfajiri, na ninyi wanunuzi mnaamka saa tisa au saa kumi usiku kwenda kuisubiri mwaloni. Hizo ndizo saa ambazo mbu wa malaria anauma hasa. Chandarua kinabaki kitandani kinamlinda mume wako. Vaa nguo ya mikono mirefu, jifunge kanga mpaka miguuni, soksi ukiweza, na upake dawa ya kufukuza mbu. Ile ya dukani inaruhusiwa kwa mjamzito ukifuata maelezo yaliyoandikwa. Ukipata homa, kapime siku hiyo hiyo. Dawa ya mseto kwa mimba ya umri wako ni salama na utapewa kituoni kwa dozi kamili. Usinunue nusu dozi kwa sababu umesikia nafuu jana.

Kichocho ndicho hasa nilichotaka usome, kwa sababu sikioni kwenye barua yako na kazi yako inakuweka nacho kila siku. Cha ziwa letu ni kile cha tumbo: minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na ini. Usisubiri kuona mkojo wa damu; hicho ni cha aina nyingine. Hiki cha kwetu huleta tumbo la kuuma na kuacha, choo chenye damu au kamasi, uchovu, na damu kupungua polepole. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wa majini, wale wa kwenye magugu ufukweni, vikapenya ngozi yako ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha pambazuka hadi alasiri. Kwa hiyo anayeingia majini alfajiri kupokea dagaa ana hatari pungufu kuliko anayekwenda saa sita mchana kufua na kuoga. Pungufu, sikusema hana.

Fanya hivi: nunua mabuti ya mpira yanayofika magotini, au mlipe kijana akutolee ndoo kwenye mtumbwi, wewe ubaki mchangani. Maji ya kuoga na kufulia yateke, uyaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili. Vijidudu hufa vyenyewe visipompata mtu. Ya kunywa yachemshe, kwa sababu nyingine unazozijua. Na kliniki uwaambie wazi kwamba unafanya kazi mwaloni na unaomba kupimwa kichocho. Dawa yake, prazikwantel, ilikuwa zamani haipewi wajawazito. Sasa Shirika la Afya Duniani linaelekeza wapewe baada ya miezi mitatu ya mwanzo, ila bado wapo wahudumu wanaosita, na wapo kina mama wanaojificha siku ya ugawaji dawa. Wewe miezi mitatu umeshaipita. Uliza tu kwa upole. Vivyo hivyo dawa ya minyoo ya kawaida hutolewa kliniki kipindi hiki, maana safura nayo inakunywa damu.

Sasa damu yenyewe. Mwili wako unaongeza damu kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo, lakini maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Ndiyo maana hata mwenye afya huonekana damu imeshuka kidogo katikati ya mimba. Kliniki huanza kuhesabu upungufu kiwango kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na chini ya 7 ni upungufu mkali wa kupelekwa hospitali. Usiridhike kuambiwa "damu ipo". Uliza ni ngapi, hakikisha imeandikwa kwenye kadi, na safari ijayo ulinganishe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta zaidi ya nusu ya wajawazito wa Tanzania wana upungufu wa damu. Hilo si jambo la kuwapata wengine tu.

Vidonge vya FEFO, vile vya chuma na foliki vya kliniki, meza kila siku. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni madini ya chuma. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mboga, papai. Vikikuchefua, meza usiku kabla ya kulala. Jambo moja ambalo nyumba nyingi za kwetu hukosea ni chai: ukimeza FEFO na kikombe cha chai ya rangi, sehemu kubwa ya chuma inazuiwa isiingie mwilini. Meza kwa maji, au kwa juisi ya chungwa au embe, na chai isogeze mbele saa moja au mbili.

Chakula unacho mikononi, na hapa ninasema kwa uchungu kidogo. Nawaona wanawake wanaouza dagaa safi wa kwenda Dodoma na Kongo, wenyewe nyumbani wanakula ugali wa udaga, yaani wa muhogo, kwa mchuzi wa nyanya. Jiwekee kibakuli chako kabla hujapima cha mteja. Dagaa analiwa na mifupa yake, na mfupa huo ni kalsiamu ambayo mwili wako unaihitaji sana sasa. Kalsiamu ya kutosha hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa wanawake ambao mlo wao hauna ya kutosha. Dagaa waoshe mchanga, wapike waive. Sato na sangara vizuri pia. Ongeza maharage, karanga, matembele, mchicha, mlenda, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, vinashibisha, sina ugomvi navyo, ila vikiwa peke yake vinakupa nguvu bila kukupa damu. Maini mara moja kwa wiki yanatosha. Ukila kila siku unapata vitamini A kupita kiasi. Kiasi cha kula hakihitaji kuwa cha watu wawili. Kitafunwa kimoja cha maana cha ziada kwa siku, kama viazi na karanga au uji wa maziwa, kinatosha kipindi hiki.

Mayai kula. Ile habari kwamba mtoto atazaliwa kipara nimeisikia tangu nikiwa msichana, na watoto wenye nywele waliozaliwa na mama waliokula mayai wamejaa mtaani. Yai lililochemshwa likaiva ni protini ya bei nafuu. Lakini usibishane na mama mkwe jikoni. Mwombe akusindikize kliniki, umwombe muuguzi azungumzie chakula akiwapo. Mama mkwe akiyasikia kwa mtu mwenye sare, mara nyingi atakuwa wa kwanza kukuchemshia, na wewe hutaonekana mkaidi.

Pemba ni kesi nyingine. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa chuma mwilini, kwa hiyo naichukulia kama sababu ya kukupima damu mapema. Udongo hauiongezi damu. Unashika chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na pemba zilizopimwa kutoka maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita zilikutwa na madini yenye sumu kama arseniki. Nyingi tunazouziwa sokoni hujui zimechimbwa wapi. Sitakudanganya kwamba utaacha leo. Punguza, weka kitu kingine cha kutafuna mfukoni, karanga au kipande cha embe bichi, na umalize FEFO zako. Damu ikipanda, wengi huona hamu yenyewe inapungua. Na nikigusa dhahabu: kama mume au kaka yako anachoma zebaki kwenye machimbo, nguo zake za kazi usizifue wewe, na wala asichomee nyumbani.

Hayo ya kuchomwa ubavuni ukigeuka ni kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi. Unakua, zinavutika, na ukigeuka ghafla au ukikohoa zinachoma kama sekunde kadhaa kisha zinaacha. Geuka polepole, magoti yakiwa yamekunjwa. Kinachotofautiana na hicho ni maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, au mgandamizo wa kushuka chini kama mtoto anasukuma, au maumivu ya kiunoni yenye homa na mkojo unaouma. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mjamzito si ya kuchekea. Inaweza kuwapo bila kuuma, na isipotibiwa ikapanda kwenye figo au kuanzisha uchungu kabla ya wakati, kwa hiyo mkojo upimwe kila kliniki. Usitibu maumivu kwa diklofenaki au ibuprofeni za dukani. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Paracetamol kwa dozi ya kawaida inatosha. Magunia nayo wapishe wengine wabebe.

Mengine utakayoyaona nitayapitia haraka. Mstari mweusi kutoka kitovuni kwenda chini, chuchu na mashavu kuwa meusi: hupungua baada ya kuzaa, na tafadhali usipake mkorogo, baadhi una zebaki. Fizi kuvuja damu ukipiga mswaki, pua kuziba, kiungulia, misuli ya miguu kukaza usiku (nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako). Uchafu mweupe usio na harufu wala muwasho ni wa kawaida. Wa kijani, wa kunuka, au maji yanayochuruzika si wa kawaida. Tendo la ndoa halimgusi mtoto, kama hujatokwa damu na daktari hajakukataza, kwa hiyo mume wako akiogopa, mtulize. Bodaboda sikukatazi maana najua Igombe ilivyo mbali na mjini, lakini kaa mguu huku na huku, vaa kofia, dereva awe mtu unayemjua, na akianza kukimbizana na wenzake umwambie asimame ushuke.

Kizunguzungu ukisimama ghafla utakipata pia, kwa kuwa presha hushuka kidogo katikati ya mimba kabla ya kupanda tena mwishoni. Hapo pana mtego. Kushuka huko kunaweza kumfunika mwenye presha ya siku nyingi aonekane mzima. Kwa hiyo kipimo cha kliniki yako ya kwanza kina thamani, kitunze. Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo, na ikiambatana na protini kwenye mkojo tunazungumzia njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Mimba ya kwanza huongeza hatari hiyo. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama mwaloni si hoja kubwa. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kuuma kusikoacha, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi. Nenda. Ni hivyo hivyo kwa damu ukeni hata ikiwa kidogo, maji kumwagika, homa kali, degedege, kupumua kwa shida ukiwa umekaa, au mtoto aliyekwisha kuwa na mazoea yake ya kucheza kunyamaza. Wenye presha ya zamani, kisukari, ugonjwa wa figo au mapacha daktari anaweza kuwaanzishia aspirini ndogo, ikiwezekana kabla ya wiki ya 20. Usiinunue mwenyewe, lakini kama mojawapo inakuhusu, sema wiki hii.

Kliniki yako inayofuata ni ya wiki ya 20, kisha ya 26, halafu ya 30, na kuanzia hapo zinakaribiana. Kabla ya wiki ya 24 pata ultrasaundi moja. Najua mtakachotaka kujua ni kama ni wa kike au wa kiume, na akikaa vizuri ataonekana, lakini wewe uliza kwanza wiki ni ngapi, ni mmoja au wawili, kondo limekaa wapi, na viungo vya mtoto vikoje. Umri wa mimba unaosomwa mapema ni wa kuaminika. Ule wa mwezi wa nane unaweza kukosea wiki mbili tatu, na ndipo mabishano ya tarehe yanapoanza. Kama hukupimwa kundi la damu, kaswende, VVU na homa ya ini, dai vipimo hivyo. Uliza na selimundu (sikoseli), wewe na mume wako, kwa sababu Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini. Sindano ya pepopunda iangaliwe kwenye kadi. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 ndipo kisukari cha mimba hupimwa, hasa kama kwenu kuna mwenye kisukari.

Ujanja mmoja wa kupata muda: siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, na wewe huna kazi mwaloni. Mwombe muuguzi akupangie tarehe ziangukie siku hizo. Siku hizo hizo kaeni na mume mpange mtazalia wapi, nani atakusindikiza, usafiri wa usiku ni wa nani na namba yake, na ndugu gani wawili wako tayari kutoa damu ikihitajika. Kwa mimba ya kwanza nashauri mahali penye uwezo wa upasuaji au penye gari la kukufikisha hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando bila kuchelewa. Ongea na zahanati yako sasa kuhusu rufaa, ukiwa una nguvu za kuuliza maswali.

Ukerewe nenda. Huu ndio wakati wake, kuliko mwezi wa nane. Malizia kwanza kliniki ya wiki ya 20, upimwe damu na presha, umeze SP yako, halafu usafiri ukirudi kabla ya ile ya wiki ya 26. Panda meli ya Nansio, au pitia Bunda uvuke kwa kivuko cha Kisorya. Mitumbwi ya kuvuka haraka achana nayo, na kokote utakakopanda ulizia jaketi okozi kabla ya kukaa. Usikae saa zote kwenye kiti kimoja, simama utembee. Beba kadi ya kliniki, FEFO za siku zote utakazokaa na chandarua chako. Mama akikuambia mkaoge ziwani kama mlivyozoea ulipokuwa mdogo, mwambie atakuchotea maji.